Naombeni ushauri: nimeingia wodini, ari imeshuka

Mwanachuo_MD3: Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu wa udaktari. Miaka ya anatomia na fiziolojia nilisoma kwa moyo, hata kukesha sikuona taabu. Sasa niko wodi ya magonjwa ya ndani. Kwenye raundi tunajaa wanafunzi kibao, mimi nyuma, daktari bingwa simsikii. Akiniuliza nikakosa, siku yangu imeharibika. Udaktari naupenda na siachi, ila asubuhi mwili unagoma. Mliopita huku, mlifanyaje?

Intani wa Bara: Pole mdogo wangu. Unachoka kwa sababu huna mgonjwa wako. Chukua mmoja tangu anapolazwa: mhoji, mpime, fuatilia majibu ya maabara, jioni mpitie tena. Mimi nilikuwa na mama mwenye moyo ulioshindwa kazi. Kila asubuhi nilimpima uzito kuona kama furosemaidi, dawa inayofanya figo zitoe maji mengi kwa mkojo, inamtoa maji. Bingwa alipouliza uzito, jibu nilikuwa nalo. Usiku ule nilisoma figo upya bila kusukumwa na mtu.

Sista wa zamu: Mwanangu, wahi makabidhiano ya zamu asubuhi. Tuulize nani kahangaika usiku. Omba kuchukua damu na kuweka kanula (kijimrija cha mshipani), tutakuelekeza.

Mwalimu_Afya: Mimi naona tofauti kidogo. Wanasaikolojia Wilmar Schaufeli na Arnold Bakker wa Uholanzi hupima kujituma kazini kwa mambo matatu: nguvu, kujitoa na kuzama katika kazi. Kujitoa bado unako, kilichopungua ni nguvu, na nguvu hairudi kwa kujikaza. Unalala? Unakula? Ukiona umeanza kutowajali wagonjwa, nenda kwa mshauri wa wanafunzi mapema, usisubiri sapu, yaani kurudia mtihani. Miaka mitano hiyo, halafu kuna mwaka wa intani, wa mafunzo kazini hospitalini. Hutafika huko ukiwa hoi.

Mwanachuo_MD3: Asanteni sana. Mwalimu umegusa penyewe: boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) limechelewa, nashindia chai na mihogo. Nitamwona mshauri. Daktari, mgonjwa nikimpata, niandike kwenye faili lake?

Intani wa Bara: Kwanza mwombe ridhaa mgonjwa mwenyewe. Andika kwenye daftari lako bila jina lake. Faili uliza utaratibu wa wodi yenu, na chochote utakachoandika humo daktari akipitie na kusaini. Na kesho usisimame nyuma, kaa upande wa kichwa cha kitanda.