Msimu wa pili wa The Last of Us: udhaifu uko kwenye kisa chenyewe au kwenye uchache wa sehemu?

Mwulizaji, Wete

Assalamu alaykum wana baraza. Nimemaliza kuutazama msimu wa pili wa tamthilia ya The Last of Us, ulioonyeshwa na HBO kuanzia Aprili hadi Mei 2025, na nimebaki na dukuduku ambalo nimeshindwa kulitatua peke yangu. Ambaye hajautazama na ana nia ya kuutazama, namwomba aishie hapa, kwani siwezi kuuliza bila ya kutaja nani amekufa.

Msimu wa kwanza wa 2023 ulikuwa na sehemu tisa, na ulinishika tangu mwanzo kwa sababu kisa kilikuwa kimoja: Joel, aliyefiwa na binti yake, anamvusha Ellie, msichana mwenye kinga, katika nchi ya Marekani iliyojaa walioambukizwa kuvu, na njiani anapata mtoto wa pili. Msimu huu una sehemu saba tu. Katika sehemu ya pili Joel anauliwa na Abby, msichana ambaye baba yake alikuwa yule daktari aliyeuliwa na Joel hospitalini ili Ellie asipasuliwe kutafutwa dawa. Mimi simo miongoni mwa waliochukia kwa sababu kipenzi chao kafa. Kifo kile kimetokana na alilolitenda mwenyewe, na aliyekitazama kisa kwa makini alijua kwamba deni lile litakuja kudaiwa. Lililonitatiza ni yaliyofuata. Sehemu ya tatu, ya nne na ya tano nilizitazama kama abiria aliyeambiwa kwamba boti itaondoka muda si mrefu. Halafu mwishoni Abby anamwelekezea Ellie bastola, mlio unasikika, na papo hapo tunarudishwa siku ya kwanza ya Seattle, mji ambako Ellie amemfuata Abby kulipiza kisasi, safari hii kwa upande wa Abby, na msimu umekwisha. Je, huu ni udhaifu wa kisa, au ni kisa kizuri kilichokatwa kabla ya wakati wake?

Mchangiaji, Mkunazini

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwa maoni yangu kisa si dhaifu hata kidogo. Kilichokosekana ni subira ya kukaa na msiba.

Tazama jinsi sehemu ya tatu inavyoanza. Tommy yuko peke yake katika chumba walimowekwa maiti wa vita vya Jackson, mji wanamoishi, na anamsafisha ndugu yake Joel damu kwa kitambaa, taratibu, huku akimwambia amfikishie Sarah, yule binti aliyekufa, salamu zake. Hakuna muziki mkubwa wala kelele. Mimi nimewahi kusimama pembeni wakati mzee wangu anaoshwa, na nakiri kwamba nilisimamisha picha hapo nikatoka nje kwanza. Watengenezaji walielewa kwamba mkono wa maiti ukiinuliwa na aliye hai unasema zaidi kuliko hotuba. Basi kwa nini mara baada ya hapo wanaruka miezi mitatu? Ellie anaamka hospitalini akipiga ukelele, kisha tunamkuta keshapona na anamwambia mshauri wake anayotaka kuyasikia. Arubaini imepita bila ya sisi kuwemo. Tunapewa vipande viwili tu vya matanga: Ellie ndani ya kabati la nguo akilinusa koti la Joel, na baadaye kaburini akiweka buni za kahawa, kwa kuwa marehemu aliipenda kahawa. Vipande hivyo ni bora kuliko mkutano mzima wa baraza la mji, ambapo watu wanasimama mmoja mmoja kueleza maana ya kusamehe na maana ya haki, maneno ambayo tulikuwa tumeshayaona kwa macho.

Kisasi kina uzito pale tu mtazamaji anapoubeba msiba pamoja na mlipizaji. Sisi hatukuachiwa tuubebe, na ndiyo maana wewe ulijiona unasubiri boti.

Mchangiaji, Chake Chake

Naungana na aliyetangulia katika mengi, ila naomba tusiwasahau walioambukizwa wenyewe, maana hii ni tamthilia ya mazombi na wengi tuliingilia mlango huo.

Nguvu yake kubwa ni kwamba mazombi haya si maiti waliofufuka. Ni watu walioshikwa na kuvu, na msingi wake upo duniani kweli: kuna jamii ya kuvu inayowaingia chungu wa misituni, ikawapandisha mtini, ikawafanya waume jani kwa meno na kuganda hapo, kisha shina la kuvu likachomoza kichwani na kumwaga mbegu zake. Sisi tuliokulia kwenye mikarafuu tunawajua maji moto vizuri, jinsi wanavyoandamana tawi kwa tawi na jinsi wasivyoachia wakishakuuma. Mimi nikiwa juu ya ngazi huwa nawaza chungu kama huyo akipoteza hiari yake angekuwaje, na hofu ninayoipata hapo haitoki kwenye damu wala mayowe. Msimu wa kwanza ulianza kwa kuieleza hofu hiyo: wanasayansi katika kipindi cha televisheni, mwaka 1968, wakisema kwamba joto la mwili wa binadamu ndilo linalotukinga na kuvu wengi, na kuuliza itakuwaje dunia ikizidi joto.

Msimu wa pili uliipokea kazi hiyo vizuri katika sehemu mbili za mwanzo. Mizizi ya kuvu ndani ya mabomba ya Jackson, kundi lililojificha chini ya theluji kwa kujifunika miili ya wenzao waliokufa, kisha mji mzima ukipigana kwa mapipa ya mafuta, mbwa na moto: vita vile vimepangwa kwa ufundi mkubwa, kwa sababu wakati wote unajua nani yuko wapi na ukuta umevunjika upande gani. Baada ya hapo walioambukizwa wanakuwa kama mapambo. Sehemu ya tano inatuletea jambo jipya, mbegu za kuvu zinazoelea hewani katika ghorofa ya chini ya hospitali ya Seattle, jambo ambalo lingepaswa kubadilisha namna kila mtu anavyovuta pumzi katika mji ule. Ellie hadhuriki nazo, na hapo ndipo Nora, mwenzake Abby, anapotambua kwamba yeye ndiye yule mtoto mwenye kinga. Ni wazo zuri sana. Hata hivyo likishatumika mara hiyo moja linaachwa, na mimi naona hilo ni kosa kubwa kuliko uchache wa sehemu.

Mchangiaji, Makunduchi

Ndugu zangu, mimi nitawapinga kidogo, na kaka wa Mkunazini aniwie radhi.

Anasema hatukuachiwa kuubeba msiba. Mimi nauliza: sehemu ya sita ni nini kama si matanga yenyewe? Saa nzima tunapitishwa siku za kuzaliwa za Ellie, moja baada ya nyingine. Joel anachonga gitaa kwa mkono wake, anampeleka kwenye jumba la makumbusho, anamkalisha ndani ya chombo cha angani na kumpa kanda yenye sauti ya roketi ikirushwa, naye mtoto anafumba macho na kuondoka. Mwisho ni barazani, usiku wa mwisho wa uhai wake. Ellie anamwuliza maswali mafupi juu ya yaliyotokea hospitalini na Joel anajibu kwa kichwa tu, kwa sababu sauti imemkataa, mpaka machozi yanamtoka. Ellie anamwambia kwamba hadhani anaweza kumsamehe, lakini angependa kujaribu. Pedro Pascal na Bella Ramsey sijawaona wakiigiza vizuri zaidi ya hapo. Na sisi tuliofiwa tunajua kwamba kilio hakiji siku ya mazishi kila mara. Huja baada ya miezi, umekaa jikoni na umeshika kikombe cha mtu.

Kosa ninaloliona mimi ni jingine, nalo ni kutuambia mapema mno. Katika mchezo wa kompyuta wa 2020, ambao ndio asili ya kisa hiki, mchezaji anamchukia Abby kwa saa nyingi kabla ya kujua kwa nini aliua, na anapojua, chuki yake inamgeukia mwenyewe. Tamthilia imeitoa sababu hiyo tangu mwanzoni mwa msimu, na kabla hajamwua Joel, Abby anaieleza tena kwa maneno yake. Naelewa kwa nini walifanya hivyo: mchezo unakulazimisha uende na Abby hatua kwa hatua, ilhali mtazamaji angelazimika kusubiri miaka kati ya msimu na msimu. Lakini bei yake ni kubwa. Mtazamaji aliyekwishamsamehe Abby tangu sehemu ya kwanza hana cha kupambana nacho moyoni anapofika mwisho.

Mwulizaji, Wete

Nawashukuru nyote. Dada wa Makunduchi amenifungua macho kuhusu sehemu ya sita, maana mimi niliihesabu kama pumziko tu. Jana niliirudia, na safari hii nilimtazama Gail, mke wa Eugene. Joel alimwahidi Eugene, aliyekuwa ameumwa na walioambukizwa, kwamba ataonana na mkewe kabla ya kufa, kisha akampiga risasi, na Ellie akaufichua uongo huo mbele ya mjane. Pale ndipo kisa kizima kilipo: mtu anayedanganya kwa mapenzi, na mtoto anayejua.

Nimebakiwa na swali moja. Kama kisa kinagawanyika vile kwa asili yake, siku tatu za Ellie kisha siku tatu za Abby, wangekatia wapi?

Mchangiaji, Mkunazini

Dada wa Makunduchi ana haki juu ya sehemu ya sita, na nalirudisha neno langu kwa kiasi hicho.

Ama kukata, ningekatia palepale kwenye jumba la maonyesho ya samaki la Seattle. Mel, mwenzake Abby, anavuja damu, ana mimba kubwa, anamwomba Ellie amtoe mtoto tumboni na kumwelekeza namna ya kupasua, na Ellie ameshika kisu na mkono unamtetemeka na hawezi, mpaka Mel ananyamaza. Ningeizima taa hapo, nikamwachia mtazamaji uso ule wa Ellie mpaka msimu wa tatu. Bastola na mlio wake wangeviweka kwa ajili ya sehemu inayofuata.