Plasta ya dripu imeganda mkononi kwa mtoto, naitoaje bila kumuumiza?

mama imu:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada hasa kwa wamama wenzangu na manesi mliopo humu. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na nusu, tumetoka wodini juzi alikua kalazwa na nimonia. Sasa ile kanula, kale kampira ka dripu kanakoingia kwenye mshipa, walishaitoa ila aliyeitoa alikata plasta pale katikati tu, akachomoa, akaweka pamba na kubandika nyingine juu yake, kwa iyo mpaka sa hivi mkononi bado kuna ile plasta nyeupe ya kitambaa imezunguka kiganja kizima mpaka huku kwenye kifundo, tabaka juu ya tabaka.

Nikigusa tu ule mkono anapiga kelele anauficha mgongoni, ata kula anakulia mkono wa kushoto. Nimemlowesha kwenye beseni wakati wa kuoga lakini maji yanapita juu tu, gundi haiachii. Baba yake anasema nimsubiri alale niivute mara moja iishe, mama mkwe anasema tupake mafuta ya taa. Mi roho inakataa yote mawili. Pembeni nilipoinua kidogo niliona ngozi imekua nyekundu na ana malaika (vinyweleo) wengi mkononi kama baba yake. Nisaidieni nifanyeje, mtoto ameshachomwa sana wiki nzima sitaki na mimi nimuongezee.

baba kulwa:
Pole sana dada yangu. Mi kwa wangu mapacha plasta zote navuta fasta, wanalia sekunde mbili yamekwisha, ukianza kubembeleza ndo unarefusha mateso. Na hili sio maneno ya kijiweni tu, mwaka 2009 kuna madaktari wa Chuo Kikuu cha James Cook kule Australia walifanya utafiti kabisa wa kuvuta haraka na kuvuta polepole na waliovutwa haraka ndo waliumia kidogo. Mzee mwenzangu yuko sahihi kwa upande wangu.

nesi wa zamu:
Mama Imu pole mpendwa, na hongera mtoto kutoka salama. Nafanya kazi wodi ya watoto miaka mingi naomba nikujibu kwa kirefu kidogo maana hili jambo linaniuma, tunaokoa mtoto na nimonia afu anatoka anaogopa kila mwenye koti jeupe kwa sababu ya plasta tu.

Baba Kulwa utafiti huo upo kweli, ila walibandikwa wanafunzi wa udaktari 65, watu wazima wenye ngozi nzima, plasta za kawaida za dukani. Na tofauti yenyewe, ukipima maumivu kuanzia 0 mpaka 10, wastani wa haraka ilikua 0.92 na polepole 1.58, yaani wastani wote hata 2 haukufika. Huwezi kuuchukua huo ukaupeleka kwa mtoto wa miaka mitatu aliyezungushiwa plasta ya kanula mkono mzima. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, tabaka la juu halijashikamana sana na la chini yake kama letu sisi wakubwa, kwa watoto wachanga na hasa njiti ndo kabisa, ukivuta kwa nguvu unaondoka na ngozi. Nimeshaona kidonda cha plasta kikubwa kuliko tundu la kanula lenyewe.

Sasa kwa nini maji hayakusaidia. Hiyo nyeupe ya kitambaa ni ya zinki oksaidi, gundi yake kwa asili ni ya mpira iliyochanganywa na utomvu wa misonobari, na maji haiyajali. Inayeyuka kwa mafuta. Mafuta yoyote laini yaliyopo nyumbani, ya nazi, ya mtoto, Vaseline, hata ya kupikia ambayo hayajatumika. Anza na kingo, paka mengi mpaka kitambaa chenyewe kilowe, afu muache acheze dakika 10 hivi usiguse. Ukirudi kingo zitakua zimeanza kujikunja zenyewe. Hapo shika ncha, uikunje irudi nyuma juu yake yenyewe, yaani mkono wako uende sambamba na ngozi, chini chini, usiinue juu kabisa. Kidole cha mkono wako mwingine kikandamize ngozi pale pale inapoachia na kiwe kinaifuata. Fuata malaika yanakolala, usiende kinyume chake maana hayo ndo yanayomliza. Ikigoma usilazimishe, tia mafuta tena pale kwenye mstari inapoachia, subiri. Kwa vile ni tabaka nyingi toa moja moja, ya juu kwanza. Haina ulazima iishe leo, nusu leo nusu kesho ni sawa kabisa.

Kwenye tundu la kanula kama bado pabichi mafuta yaishie pembeni, ile pamba utailowesha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Gundi itakayobaki imeshika uchafu usiisugue, paka mafuta tena afu osha na sabuni na maji ya uvuguvugu.

Mafuta ya taa HAPANA. Namheshimu mama mkwe lakini yanababua ngozi, mtoto huyu kidole kinaenda mdomoni muda wote, na mafuta ya taa yakimezwa yakapotelea kwenye mapafu yanaleta nimonia ya kemikali, huyu mapafu yake ndo kwanza yametoka kupona. Spiriti nayo na ile ya kutolea rangi ya kucha achana nazo, ngozi ilishachubuka zitamuwasha vibaya.

Jambo la mwisho na la muhimu, angalia vidole vyake. Vikiwa vimevimba, vya baridi au vimebadilika rangi basi plasta imembana, itoke leo leo hata kwa kurudi kituo cha afya. Na ukishatoa ukikuta mshipa umekua mgumu kama kamba, pamoto, pana usaha au homa imerudi, mpeleke.

bibi wa pangani:
Mama Imu mwanangu, nesi kaeleza vizuri sina la kuongeza kwenye dawa, mie naongeza la mtoto mwenyewe. Usimwambie haiumi. Ukimwambia haiumi ikauma hatokupa mkono tena, si kwa plasta si kwa kumkata kucha. Mwambie itavuta kidogo na ukisema basi mama anaacha, na akisema basi kweli uache, hata kama ilikua imebaki kidogo mno. Mie wajukuu zangu nawapa mafuta ya nazi kwenye kisosi wapake wenyewe, kidole chao wenyewe, wanachezea huko we unaendelea na kazi zako. Mara unamuona mtu ameshaibandua mwenyewe hata hukumwambia. Mtoto akishika ncha yeye anajua lini itavuta na anaacha panapouma, hilo wewe huwezi kumfanyia.

Na hili la kumvizia kalala, baba Imu anisamehe, mtoto aliyetoka hospitali analala kwa mang'amung'amu, ukimuamsha kwa maumivu usiku huo hamlali na wa pili hamlali. Fanya mchana, ameshakula kashiba, usifanye ana njaa wala ana usingizi. Kama angekua mchanga ningesema mnyonyeshe huku mwingine anabandua, hapo hata hajui.

mama imu:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nesi vidole viko sawa vya moto na anavichezesha. Nimempa mafuta kwenye kisosi kama bibi alivyosema sa hivi yupo kwenye mkeka anajipaka mpaka kwenye tumbo, nimemuacha. Sasa naomba niulize na la goti, alianguka kabla hatujalazwa ana plasta ndogo ya dukani imekaa siku kadhaa na nadhani imeshikana na kidonda chenyewe. Nayo ni mafuta hayo hayo?

fundi cherehani arusha:
Hiyo ya goti dada ukishaitoa usibandike tena, kidonda kinataka hewa kikauke. Plasta zinaozesha.

nesi wa zamu:
Mama Imu kingo zenye gundi ndio, mafuta kidogo kwa pamba. Katikati kwenye kidonda maji tu. Chemsha yapoe yawe ya uvuguvugu, lowesha pamba au kitambaa safi weka juu ya plasta dakika kadhaa, ikikauka rudia mpaka ile sehemu ya katikati iachie yenyewe. Usianzie upande mmoja ukapitiliza, anza ncha hii ukaribie kidonda uache, nenda ncha ya pili ukaribie, ndo umalizie katikati. Ukivuta kwa kupitiliza unakifumua kidonda. Na kigaga kikija na plasta ujue hujalowesha vya kutosha, siku zinaanza upya.

Fundi nakuelewa wengi tumelelewa hivyo, ila lilishapimwa zamani sana. George Winter mwaka 1962 aliweka vidonda kwenye ngozi ya nguruwe wadogo, vingine akavifunika vingine akaviacha hewani, vilivyofunikwa ngozi mpya iliota haraka karibu mara mbili. Kinachoozesha ni plasta chafu iliyolowa na kukaa siku nyingi, au kubandika juu ya kidonda ambacho hakijaoshwa. Mchubuko mdogo wa goti osha kwa maji na sabuni, paka Vaseline kiasi, funika, badilisha kila siku au ikilowa. Ile Vaseline pia ndo itakayozuia kisishikane tena. Ila ngozi ya pembeni iwe kavu na haina mafuta la sivyo plasta haikai.

mama wawili znz:
Naongezea hapo kwa nesi. Mimi nikibandika plasta nakunja ncha moja ndani kidogo gundi ishikane na gundi, inabaki kamkia ka kushikia, siku ya kutoa hakuna kuchokonoa na kucha. Na kwa goti na kiwiko ambapo panakunjika kila saa naweka gozi, ile shashi ya vidonda, nazungushia bendeji ya kitambaa nafunga fundo, gundi haigusi ngozi kabisa. Sio nzuri kuangalia lakini wanangu hawaogopi.

Pia mama Imu huo wekundu ulioona pembeni uuangalie vizuri plasta yote ikishatoka. Kama ni wa kuvutwa utapungua kesho au keshokutwa. Ila kama unabaki, unawasha, una vipele vidogo vidogo na umbo lake ni umbo la plasta kabisa yaani kama imechorwa, basi huyo ana aleji (mzio) na gundi, ule utomvu aliosema nesi ndo unasumbua wengi. Mwanangu mdogo yuko hivyo. Sasa hivi kila tukienda hospitali nasema pale pale kabla hawajamshika, waandike kwenye faili, na nauliza kama wana plasta ya karatasi. Wakiwa hawana naomba wazungushie bendeji kwanza ndo plasta ije juu ya bendeji, na wengi wanakubali bila shida.

nesi wa zamu:
Hilo la faili ni muhimu sana dada. Ila mkiomba bendeji kwanza, pale tundu la kanula linapoingilia lazima pashikwe na plasta na paonekane ili tujue kama pamevimba, kwa iyo msikatae na hapo. Mama Imu ukikuta huo mchoro piga picha kabla haujafutika uje nayo kliniki.