Rapa akiandikiwa madongo, kashinda yeye au kashinda mwandishi wake?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, hili naomba tulizungumze bila matusi. Jana kijiweni tulikuwa tunairudia ile vita ya madongo ya rapa Kendrick Lamar wa Marekani na Drake wa Kanada ya 2024, maana kuna watu pale hawajapona mpaka leo. Jamaa mmoja akasema Drake hakupigwa Mei 2024. Alishapigwa tangu Julai 2015, siku rapa mwenzake Meek Mill alipoandika Twitter kwamba bwana huyu haandiki mistari yake, na jina la Quentin Miller, anayetajwa kumwandikia, likajulikana dunia nzima. Tangu hapo, anasema jamaa, kila neno la Drake unalisikia huku unajiuliza limetoka kichwa cha nani. Kendrick alikuja kufunga jeneza tu.

Msimamo wangu ni huu. Kwenye albamu, andikiwa utakavyo. Albamu ni biashara: ina prodyuza, ina wa kiitikio, ina mpiga gitaa. Akiongezeka wa mistari sioni msiba. Lakini kwenye wimbo wa kumchana mtu, hapana. Ukinitukana kwa kalamu ya kukodi, mimi nagombana na nani? Huwezi kumpandisha binamu yako ulingoni halafu mkanda ukauvaa wewe.

Karibuni.

Kijana wa Kinondoni

Mkuu, ngalawa yako inavuja. Meek Mill ndiye aliyeileta hiyo tuhuma, na DJ Funkmaster Flex akapiga redioni, pale Hot 97 ya New York, rekodi ya Quentin akichana mistari ambayo baadaye tuliisikia kwa Drake. Ushahidi uko mezani. Kikatokea nini? Drake akatoa "Back to Back", mji mzima ukaimba, Meek akageuka kichekesho, na wimbo ukateuliwa Grammy. Yaani mtu katuhumiwa kuandikiwa, na akashinda bifu lile lile la kutuhumiwa kuandikiwa! Mashabiki walishapiga kura. Wewe unaleta kanuni wakati watu wameshatoka uwanjani.

Halafu Quentin hakufichwa. Jina lake limo kwenye orodha ya watunzi ya If You're Reading This It's Too Late, kazi ya Drake iliyotoka Februari 2015. Kivuli gani kina jina kwenye karatasi?

Na huyo Kendrick wenu tusimpambe sana. Madongo yake mazito kuliko yote yamo kwenye nyimbo za "Euphoria" na "Meet the Grahams". Lakini harusini nimesikia "Not Like Us" tu, kwa sababu ya biti ya prodyuza Mustard. Hakuna MC wa sherehe aliyewahi kusema "na sasa maharusi wanaingia na Meet the Grahams".

Dada wa Unguja

Mimi hip hop nimeingizwa na wanangu, kwa hiyo mnivumilie. Lakini mnavyoshangaa mtu kuandikiwa vijembe, mnanishangaza. Taarabu yetu imeishi hivyo hivyo. Mtunzi yuko kwake anatunga, mwingine anatia sauti, mwimbaji anapanda jukwaani. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa haikaliki: huku Khadija Kopa na kikundi cha TOT, kule Nasma Khamis na kikundi cha Muungano, mipasho inarudishwa kwa mipasho. Ukumbi unajaa, watu wana pande zao kama Simba na Yanga. Sikumsikia mtu akiuliza "haya maneno kayaandika nani?" Tuliuliza nani kampasha nani, na nani kaondoka amenuna.

Na mnasahau aliye muhimu kuliko wote, yule mwanamke anayekwenda kutunza. Anasubiri ubeti wake. Ukifika, anainuka na noti yake mkononi, anapita taratibu mbele ya meza ya mbaya wake, anamtunza mwimbaji, anarudi kukaa. Maneno si yake. Hata mwimbaji hayakuwa yake. Lakini mlengwa kaumia, na ukumbi mzima umejua. Sasa niambieni, pale nani kapigana?

Kwetu neno la ugomvi halina hati miliki. Ni la aliyekuwa na ujasiri wa kulibeba mbele za watu.

Msee wa Nairobi

Dada, heshima zako. Hiyo ya kutunza nimeisoma mara mbili. Lakini taarabu haikuwahi kuahidi kwamba mwimbaji ndiye mtunzi, na kwa rap hicho ndicho kitu cha kwanza ilichoahidi: "mimi, jina langu, mtaa wangu, niliyoyaona." Ukija mtaani Dandora, hapa Nairobi, ukasema kundi la rap la huko, Kalamashaka, waliandikiwa maisha yao na mtu wa mtaa mwingine, utatafuta njia ya kutokea.

Ingawa, wasee, historia yenyewe ni chafu kuliko tunavyopenda kukiri. Wimbo wa rap wa kwanza kupasua dunia, "Rapper's Delight" ya 1979, una wizi ndani. Big Bank Hank, mmoja wa wachanaji wake, alichukua mistari ya rapa Grandmaster Caz wa Bronx, New York, na hata hakujisumbua kuifanyia usafi. Anasimama pale anataja herufi moja moja za jina "Casanova", jina la Caz! Kuandikiwa kumezaliwa siku moja na rap.

Kisha angalia N.W.A, kundi la rap la California. Eazy-E wa kundi hilo alitoka na "Boyz-n-the-Hood" mwaka 1987, kalamu ya mwenzake Ice Cube. Cube akaondoka 1989 kwa ugomvi wa pesa. Wenzake wakaanza kumrushia madongo, naye 1991 akawajibu kwa "No Vaseline", peke yake dhidi ya kundi zima. Kundi likasambaratika bila kumjibu. Ungemjibu vipi? Aliyekuwa anakuandikia ndiye anayekuchana, na anajua maneno gani hujawahi kuyatafuta mwenyewe.

Dr. Dre, naye wa N.W.A hapo zamani, 1999 karudi na "Still D.R.E.", wimbo mzima wa kujisifu kwamba bado yupo, na aliyeandika ni Jay-Z. Mimi huwa naucheka peke yangu kwenye matatu. Lakini Dre hakuwahi kujiita mfalme wa kalamu. Drake alijiita.

Mwanzisha mada

Msee, hapo kwenye Cube umenisaidia kuliko nilivyojisaidia. Ndiyo hoja yangu: siku ya vita, deni la kalamu linadaiwa.

Kijana wa Kinondoni, jina kuwa kwenye karatasi ni kweli, na nakubali ni tofauti kubwa. Rapa Rhymefest aliandika "Jesus Walks" na Kanye West, jina likawekwa, na wimbo ulipopata Grammy ya 2005 naye akapata yake. Hakuna aliyenung'unika. Lakini "Jesus Walks" haikuwa inamwambia mtu "njoo tukutane nje".

Dada wa Unguja, yule mwanamke mwenye noti kanitoa usingizini. Nitarudi kwake.

Mdau wa Tabata

Mbona hamsemi la mashine? Aprili 2024 Drake alitoa "Taylor Made Freestyle", na ndani yake akatengeneza kwa kompyuta sauti ya Tupac na ya Snoop Dogg zimchokoze Kendrick kwa niaba yake. Tupac! Marehemu tangu 1996, na ni mtu wa California kama Kendrick. Wasimamizi wa mirathi ya Tupac wakatishia kwenda mahakamani, wimbo ukaondolewa. Mimi pale ndipo nilipomtoa Drake kwenye orodha yangu. Kuandikiwa na mtu hai nasamehe. Kumfufua marehemu akusaidie kutukana, huo ni ushirikina.

Dada wa Unguja

Mdau, hapo tuko pamoja, astaghfirullah.

Lakini mwanangu wa pili kanisimulia kisa cha rapa J. Cole katika vita hiyo hiyo ya Kendrick, nacho kinanipa nguvu. Kijana kachokozwa, kaandika mwenyewe, kwa mkono wake, "7 Minute Drill", akaitoa tarehe 5 Aprili. Siku mbili baadaye kapanda jukwaani kwenye tamasha lake mwenyewe, Raleigh, anaomba radhi mbele ya watu, kisha wimbo akauondoa. Basi maneno yalikuwa yake kweli kweli, na roho haikuwamo. Mnaniambia kalamu ni yako, haya, na moyo? Kopa angepewa ubeti na mtunzi asiyemjua, angeuimba ukadhani kauchimba kifuani mwake.

Kijana wa Kinondoni

Mama kaongea. Msee jibu.

Msee wa Nairobi

Sijibu, nakubali nusu. Cole alikuwa na kalamu bila hasira. Ila nusu ya pili siitoi: kuna maneno ambayo ni lazima yawe na alama za vidole. Khaligraph, rapa wetu wa Kenya, alipowachokoza rapa wa Bongo mwishoni mwa 2023, Rosa Ree wa huko alimjibu na "Mama Omollo", na hilo Omollo ni jina la kwao Khaligraph. Kichwa cha wimbo tu kilitosha, tulicheka mpaka sisi wa upande wa pili. Uchokozi wa namna ile unatoka kwa mtu aliyekaa na hasira yake akaitafuna. Nikiambiwa kesho kuna kamati iliyakalia na kuyaandika yale, kicheko changu nitakidai.

Halafu tukirudi kwa Drake, mwisho wake mnaujua. Januari 2025 akawashtaki Universal, kampuni inayosambaza muziki wake mwenyewe, kwa kuusambaza "Not Like Us". Februari wimbo ukazoa Grammy 5 na Kendrick akauimba Super Bowl, fainali ya soka la Kimarekani, kule New Orleans. Oktoba jaji akaitupa kesi, akasema kwenye majibizano ya rap msikilizaji mwenye akili hachukui maneno kama ripoti ya ukweli. Drake akakata rufaa. Kwa hiyo jibu lake refu kuliko yote kwenye bifu hili kaandikiwa na mawakili.

Mdau wa Tabata

Hahaha, na wao majina yao yapo kwenye karatasi.

Mchangiaji wa Mwanza

Nimesoma kimya tangu juu. Sasa niseme.

Mimi naandikia watu. Sitaji jina la mtu wala wimbo, nimelipwa nisitaje. Miaka kadhaa nyuma alinifuata msanii akitaka madongo ya kumchana mwenzake. Tukakaa studio, akanieleza ugomvi wote: hela ya shoo, mwanamke, na mlango aliofungiwa usiku. Nikaandika beti mbili. Nilizipenda. Akazichana vizuri kuliko nilivyodhani, kuna neno moja alilitafuna katikati, mimi nisingeliwaza.

Ngoma ikatoka, mji ukachafuka. Wiki mbili baadaye simu inaita. Ni yule aliyechanwa. Kaambiwa na mtu kwamba kuna jamaa Mwanza anaandika. Hajui kama ni mimi niliyemchana. Anataka jibu.

Niliandika. Kodi ilikuwa imefika, na sijivunii. Lakini kulikuwa na jambo gumu kuliko aibu: ilinibidi nitafute matundu ya beti zangu mwenyewe. Ile ya mlango niliijua ni dhaifu tangu naiandika, nikaingilia hapo hapo.

Ikatoka ya pili. Jumamosi niko kinyozi, wembe uko shingoni, vijana wanabishana kwa jasho nani kammaliza mwenzake. Mmoja anasema, "Hawa wawili wanajuana sana, sikiliza wanavyopigana, kama ndugu." Nikabaki nimetulia, wembe ule.

Mwanzisha mada, unauliza unagombana na nani. Mimi nimegombana na mimi, na walioshika kipaza sauti walichukiana kweli. Nilikuwepo nyuma ya jukwaa siku moja walipokutana. Ile chuki sikuiandika.

Mwanzisha mada

Sasa hapo nimekosa pa kushika. Nilikuja na ngumi na ulingo, mmeniletea mwanamke mwenye noti na kinyozi.

Bado siwezi kumpa mkanda mtu aliyekodi kalamu. Lakini siwezi tena kusema hakupigana. Kaka wa Mwanza, nijibu moja tu: kati ya zile mbili, ipi ulilipwa zaidi?

Mchangiaji wa Mwanza

Ya pili. Alikuja usiku, hakupatana bei.