Mnatuuzia rangi nyeusi mnaiita kinga ya kutu! Masika moja tu boliti zote za Land Rover yangu zimeoza

Wakuu salaam. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Nina Land Rover Series III, 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), naifufua mdogo mdogo kwa hela ya jasho. Bodi nimemaliza, rangi ya krimu imekaa vizuri. Kwenye boliti, nati, washa na bawaba za milango nilitaka weusi, sitaki ule mng'aro wa zinki unaolifanya gari la zamani lionekane limefungwa jana. Nikapeleka mzigo wote karakana moja hapa Dar inayojinadi kwamba inapiga weusi "wa kiwandani". Nikarudishiwa mfuko, vyuma vyeusi tii, nikafunga.

Masika yameingia. Kila boliti ya bawaba ina pete ya kahawia chini ya washa, na michirizi ya kutu imeshuka mlangoni hadi ukingo wa chini. Mfukoni zilibaki boliti ambazo hazijaguswa na spana. Nikachukua moja, nikaisugua kwa kitambaa cheupe chenye petroli. Weusi wote ukahamia kwenye kitambaa! Kwenye nyuzi za boliti, pale nati inapojiviringisha, kukabaki wekundu wekundu wa shaba.

Nimemfuata jamaa wa karakana, ananijibu kwa dharau: "Bosi, Dar ni bahari, hata meli inashika kutu." Meli gani inaingizwa majini bila rangi, wewe?

Sasa niwaambie walichofanya, maana nimeona watu wengi wanaingizwa mjini hivi hivi. Kuna weusi wa moto na weusi wa baridi. Wa moto, chuma kinachemshwa kwenye kostiki soda na chumvi za nitrati, joto nyuzi 140 hivi, na uso wa chuma wenyewe unageuka kuwa oksidi nyeusi. Wa baridi ni maji ya chupa yenye seleni na shaba: unapaka, unasubiri dakika chache, kitu kimeiva. Kwa macho vinafanana. Wa baridi unang'oka kwa kitambaa, na ndio niliouziwa kwa bei ya wa moto.

Na hata huo wa moto msidanganyike. Hiyo oksidi haifiki mikroni 3, wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Haizuii maji, haizuii chumvi. Kazi yake ni kushika mafuta, na mafuta ndiyo yanayozuia kutu. Boliti ikitoka kwenye pipa inasuuzwa, inazamishwa kwenye oili ya kufukuza maji, inaachwa ichuje. Zangu zilikuja kavu kabisa, mkononi haziachi hata utelezi. Afadhali fosfeti ya manganizi, tabaka jingine la weusi: inapikwa nyuzi 90 na kitu, inaota chembechembe zenye vitundu, inakunywa oili vizuri zaidi. Lakini nayo ukiiacha kavu ni kazi bure.

Kilichonitoa machozi ni kusuuza. Jamaa anatoa kutu ya zamani kwa asidi, halafu anasuuza kwa maji ya kisima ambayo ukionja ni chumvi tupu. Niliona ndoo kwa macho yangu. Asidi imebaki kwenye nyuzi, chumvi juu yake, halafu weusi wa kupaka. Kutu imefungiwa ndani tangu siku ya kwanza! Maji ya magadi kuua asidi, kisha maji ya mvua au ya bomba, kisha kukausha kwa joto: hivyo vitatu vingemgharimu shilingi ngapi?

Halafu kuna hili la hatari, na hapa sitanii. Aliziloweka kwenye asidi boliti zote bila kuchagua. Boliti ngumu, hasa zenye alama ya 12.9 kichwani, zikilowekwa kwenye asidi zinanyonya haidrojeni na zinaweza kukatika ghafla zikiwa zimekazwa, hata gari likiwa limesimama. Zinatakiwa ziokwe kwenye nyuzi 200 hivi kwa saa kadhaa mara tu zikitoka kwenye asidi, kabla ya kitu kingine. Nilipomuuliza kama alizioka, akacheka. Za springi na za mikanda ya viti nimezitupa zote, nimenunua mpya.

Na wale wataalamu wa "paka oili chafu tu mkuu", naomba mnipishe. Oili chafu ina asidi za injini, ina masizi, ina maji, na inavimbisha mipira. Dawa ya kupulizia ya kulegeza boliti nayo inafukuza maji kweli, ila baada ya muda inakauka, unarudi ulipotoka. Kwangu mimi kilichokaa vizuri kwenye majaribio ya nyuma ya nyumba ni nta ya nyuki ya Tabora iliyoyeyushwa na oili safi ya injini kidogo: boliti inapashwa joto, inazamishwa, inafutwa ikiwa bado vuguvugu. Kila ukiosha gari kwa presha na sabuni ya unga, ujue umeiondoa, pakaza tena. Na tumieni spana ya pete, ya mdomo inakwangua kona za kichwa na kutu inaanzia hapo hapo.

Tena Land Rover ina tatizo lake. Bodi ni alumini, boliti ni chuma, maji ya chumvi yakikaa katikati inayoliwa ni alumini. Kwa hiyo hasara yangu haiishii kwenye boliti, nimekuta unga mweupe umeanza kuzunguka tundu la bawaba.

Jamaa anasema hela hairudi, eti atanipigia upya bure. Apige na nini, chupa ile ile?

Mwenye kujua karakana Dar, Morogoro hata Tanga, yenye pipa la moto la fosfeti, aweke hapa bei ya kilo na kama wanachovya oili. Na mwenye boliti za bawaba za 109, nyuzi za inchi, ambazo hazijapita kwenye asidi, aje PM.