Kijana kaniuliza: mbona wanyama wa Kambria waliibuka ghafla?

Mwl_Chumbageni
Wakuu, nafundisha Biolojia kidato cha sita hapa Tanga mjini. Juzi tuko kwenye mageuko, kijana kasimama: "Mwalimu, kama wanyama walibadilika kidogokidogo, mbona visukuku vya kipindi cha kale cha Kambria vinaonyesha wameibuka tu, wamekamilika?" Swali lina uzito. Darwin mwenyewe mwaka 1859 alikiri kwamba jambo hilo linampinga. Sitaki kumnyamazisha mtoto. Nimjibuje?

Jarife_Mwambani
Shikamoo mwalimu. Anza na silikanti wetu, yule samaki wa kale. Visukuku vya ukoo wake vinarudi nyuma yapata miaka milioni 400, kisha tangu dainosaria watoweke, miamba kimya. Akahesabiwa kuwa amekwisha, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu tangu 2003 majarife ya papa yamempandisha mara nyingi, na 2009 akatengewa hifadhi ya bahari. Miaka yote hiyo samaki yupo, ana magamba na anazaa, ila hakuacha alama. Sembuse mnyama laini! Nenda Raskazone maji yakitoka: makombe utayakuta, konyeza aliyekwama jua likimpiga haachi kitu.

Na hiyo "ghafla" aipime. Kambria ilianza yapata miaka milioni 539 iliyopita, trilobiti (wanyama wa baharini wenye gamba gumu) wa kwanza wanaonekana kwenye milioni 521. Hapo katikati ni zaidi ya mara mbili ya muda tangu ukoo wetu uachane na wa sokwe.

BintiPangani
Kaka, silikanti ni hoja nzuri lakini haitoshi. Ukisema kila pengo ni mabaki kupotea, kijana atakubana: kwenye miamba ya Kambria iliyogunduliwa Burgess kule Kanada (1909) na Chengjiang, China (1984), hata miili laini imehifadhiwa, na wanyama ni wa kila namna. Kwa hiyo kuna jambo kubwa lilitokea kweli, tusilifiche.

Ila hawakutoka patupu. Kabla yao yupo Dickinsonia, kiumbe wa baharini, bapa kama mkate wa kusukuma. Mwaka 2018 watafiti walikuta masalia ya kolesteroli kwenye visukuku vyake vya Urusi, vya miaka milioni 558. Hiyo ni alama ya mnyama. Zipo pia njia za viumbe waliotambaa kwenye tope kabla ya trilobiti.

Wanasayansi wanabishania kilichoharakisha mambo: oksijeni kuongezeka baharini, jeni za kupanga mwili, au wanyama kuanza kulana. Mimi nashikilia kulana, maana ndiko kunakoeleza mbona koo nyingi zisizo karibu zilivaa maganda magumu karibu wakati mmoja.

Mwl_Chumbageni
Marahaba Jarife, na ahsante sana dada. Jumatatu naanza na hayo maganda, kisha kijana nampa atetee upande wa oksijeni mbele ya wenzake. Mwenye picha safi ya Dickinsonia ya kuchapa anirushie, shuleni projekta hatuna.