Mjadala: Walimu wavalishwe vipimo vya sauti kazini?

Hoja: mwajiri awavalishe walimu kipimo cha sauti, ili anayeharibikiwa koo awe na ushahidi wa kudai fidia.

Mtaalamu wa tiba ya sauti: Naunga mkono. Utafiti wa Iowa na Utah, Marekani, uliochapishwa 2004, ulikuta asilimia 11 ya walimu wana tatizo la sauti. Wasio walimu, 6.2. Kuchungulia koo hospitalini hakuonyeshi kazi iliyofanyika. Kitambuzi cha mtetemo kikibandikwa shingoni, chini ya zoloto, hurekodi muda wa kutoa sauti, wembamba au unene wake, na nguvu yake. Mwalimu wa kike mwenye sauti ya hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, akitoa sauti jumla ya dakika 90 kwa siku, nyuzi zake za sauti kooni zimetetemeka mara 1,080,000.

Fundi wa sauti za majengo: Hesabu sawa, lakini kifaa kina visirani. Kila asubuhi kilinganishwe na maikrofoni ili mtetemo wa shingo ugeuzwe desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: mwalimu atamke "aaa" kutoka sauti ya upole hadi ya nguvu, maikrofoni ikiwa sm 30 toka mdomoni. Jasho likilegeza gundi, desibeli za baada ya hapo ni za kubahatisha. Mkufu au ushungi ukisugua, nao unahesabiwa. Wanaopima kwa simu iliyowekwa mezani ndio kabisa, wanapima kelele za wanafunzi! Mie ningeanza na chumba, maana kelele ikipanda mtu hupaza sauti bila kujijua. Kigezo cha Marekani kwa darasa la kawaida likiwa tupu ni kelele isizidi desibeli 35, na mwangwi usizidi sekunde 0.6. Darasa la sakafu ya saruji na mabati bila dari halihitaji shingo ya mtu kuthibitisha ubaya wake.

Mwakilishi wa walimu: Dari tunaitaka, ndugu fundi, ila haimlipi aliyekwisha kuumia. Poland huhesabu vinundu vya nyuzi za sauti kuwa ugonjwa wa kazi, sharti sauti iwe imetumikishwa kupita kiasi miaka isiyopungua 15. Miaka hiyo utaithibitisha kwa ratiba za vipindi na idadi ya wanafunzi, si kwa kifaa cha siku moja. Kikija, kihifadhi namba tu, si maneno, na mwalimu abaki na nakala. Mkuu wa shule asione kipindi kwa kipindi. Kesho ataulizia mbona ulizungumza dakika 12 tu.

Mtaalamu wa tiba ya sauti: Masharti nayakubali. Basi kivaliwe wiki nzima ya masomo, isiwe ya mitihani, pamoja na daftari la vipindi. Mvua ikipiga mabati, iandikwe saa yake.