Tupeane uzoefu: Kupaka upya rangi chumba cha injini, mwenyewe au kwa fundi?

BonetiWazi
Wakuu, habari za majukumu. Injini ya gari langu imetoka nje kwa ajili ya sili ya nyuma ya kranki na klachi, na sasa nikifungua boneti naona kuta ambazo miaka yote zilikuwa zimefichwa. Chini ya betri rangi imeliwa na kutu imeanza. Chini ya masta silinda ya breki (pampu ya mafuta ya breki) imevimba na kubanduka hadi bati linaonekana. Kwingine ni mafuta yaliyogandamana na vumbi. Nafasi kama hii sidhani itajirudia karibuni, kwa hiyo nataka nipake rangi kabla injini haijarudi.

Nipambane mwenyewe au nilivute hadi gereji ya rangi? Naomba waliopitia hili waseme walifanyaje na rangi imedumu vipi. Gari nalipenda na nina nia ya kukaa nalo muda mrefu, hivyo sitafuti njia ya mkato.

MsasaMkavu
Mkuu, mimi nilipaka mwenyewe, tena injini ikiwa ndani, kwa hiyo wewe uko pazuri kuliko nilivyokuwa.

Niseme ukweli, kupuliza rangi ilikuwa sehemu ndogo sana ya kazi. Muda wote uliishia kwenye kuosha. Nilianza na kipande cha mbao kukwangua ule uji wa grisi (chuma kingechimba bati), kisha dawa ya kuondoa grisi na brashi, kisha maji ya moto, halafu narudia tena. Kipimo changu kilikuwa kitambaa cheupe: nakilowesha dawa, nafuta kwenye kona, nakitazama. Kikitoka na alama ya kahawia, hata hafifu, narudi kuosha. Kona ya nyuma ya busta ya breki (lile kopo la duara linaloongezea mguu nguvu) ndiyo ilinitesa kuliko zote. Ukianza kupiga msasa kabla mafuta hayajaisha, unayasugua yaingie kwenye mikwaruzo na hutayatoa tena kirahisi.

Jambo la pili ni silikoni. Kama gari lilikuwa linapuliziwa zile dawa za kung'arisha mipira na plastiki, rangi mpya itakataa kutulia na itafanya vishimo vidogo vya mviringo. Futa kwa dawa maalumu ya kuondoa nta na silikoni, vitambaa viwili: kimoja cha kupaka dawa, kingine kikavu cha kuikusanya kabla haijakauka.

Msasa hauingii kila mahali. Kwenye mikunjo na kuzunguka breketi nilitumia yale mazulia ya kusugulia ya kijivu, na yanafanya kazi nzuri. Nyaya nilizifunga kwa karatasi ya aluminiamu, kwa sababu inakaa ilivyokunjwa bila gundi. Betri toa kabisa, si kwa ajili ya nafasi tu. Gesi inayosukuma rangi kwenye kopo inashika moto, na cheche moja inatosha.

Rangi yangu bado imeshika vizuri, isipokuwa pale chini ya masta silinda. Nilitumia rangi ya kopo ya kawaida, na mafuta ya breki yalipoirukia wakati wa kujaza, ilivimba palepale.

KimyaKingi
Mimi naongeza moja tu. Namba ya chasi iliyogongwa kwenye bati usiiguse kwa msasa wala kuijaza praima (rangi ya kwanza ya chini) nene. Ibandike tepu wakati wa kupuliza. Mkaguzi akishindwa kuisoma, au akiona imekwanguliwa, utaulizwa maswali magumu hata kama gari ni lako halali.

DerevaMzoefu
Uzoefu wangu ni wa upande wa pili, nilipeleka gereji. Tulikubaliana kwa maneno, "kupaka chumba cha injini", basi. Nilipoenda kulichukua lilikuwa linang'aa, nikafurahi sana.

Baada ya muda nikaanza kuona mambo. Mipira ya maji ilikuwa na ukungu wa rangi, na vishikizo vya soketi za nyaya vimegandishwa. Nyuma ya busta rangi ilianza kubanduka kwa vipande vikubwa, na ukigeuza kipande unakuta upande wa chini una grisi. Yaani walipaka juu ya uchafu pale ambapo mkono haufiki.

Kilichonisumbua zaidi ni umeme. Stata ilianza kuzunguka kwa uvivu asubuhi na taa zilikuwa zinafifia na kurudi. Tukabadilisha betri, tukapima alteneta, hakuna lililosaidia. Kumbe waya wa ethi kutoka betri kwenda kwenye bodi ulifungwa juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme. Tulifungua bolti, tukapiga msasa mduara mdogo hadi bati likang'aa, tukarudisha na kupaka grisi kidogo kwa juu kuzuia kutu. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mkuu, ukipeleka popote, andikeni: kipi kinafunguliwa, kipi kinafunikwa, praima gani, na sehemu za ethi zibandikwe tepu. Mimi sichukii mafundi. Lakini wengi wanapokubali kazi ya chumba cha injini hawafungui vitu, wanafunika tu, kwa sababu kufungua na kurudisha ndiko kunakokula saa zao.

BonetiWazi
Hilo la ethi sikuwa nimelifikiria kabisa. Asante sana. Swali jingine: rangi iwe ya kustahimili joto kali? Dukani ndiyo wanayonishauri.

FundiRangi
Ndugu BonetiWazi, mimi hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Kuta za chumba cha injini hazihitaji rangi ya joto. Kiwandani zilipakwa rangi ileile ya bodi, na magari mengi hawakuweka hata klia (rangi angavu ya juu kabisa), ndiyo maana ndani ya boneti kunaonekana kumefifia kuliko nje. Rangi ya kupaka bloku ya injini hustahimili kiasi cha nyuzi 260 za Selsiasi, na ile ya manifoldi ya ekzosi (mabomba ya moshi yanayoanzia kwenye injini) hufika 650 na zaidi. Ile ya manifoldi haikomai hadi ipashwe moto kwa hatua kama maelekezo yake yanavyosema, na kuta zako hazitafika joto hilo. Ukiipaka ukutani itabaki laini na itakwaruzika kwa kucha.

Adui wa kuta hizo ni mafuta ya breki, petroli, tindikali ya betri na maji. Hapa ndipo tofauti kubwa ya rangi inapoingia. Rangi nyingi za kopo hukauka kwa thina kuruka tu. Thina au petroli ikirudi juu yake, inayeyuka tena. Rangi ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuikomaza) hukomaa kwa kemikali, na ikishakomaa hairudi nyuma. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanaweza kuidhuru hata hiyo yakiachwa, lakini inakupa muda wa kuyaosha kwa maji. Ukitaka kupima kazi ya fundi yeyote, chukua kitambaa chenye thina, sugua mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ama haina hadena ama haijakomaa.

Sasa kwa nini nisikwambie ununue hadena upulizie nyumbani? Hadena nyingi za rangi za magari zina kemikali iitwayo isosayanati. Ukungu wake ukivutwa unaweza kukuletea pumu, na mtu ambaye mwili wake umeshaikataa anaweza kubanwa na kifua hata kwa kiasi kidogo sana baadaye. Ubaya wake haina harufu ya kukuonya mapema, kwa hiyo huwezi kujua kichujio cha barakoa kimechoka. Sisi tunavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, ndani ya chumba chenye feni za kutoa hewa. Yapo pia makopo yenye hadena ndani, unabonyeza kitufe cha chini kuichanganya, na ukishaibonyeza inabidi uitumie ndani ya muda mfupi kabla haijagandia humo. Rangi yake ni imara, lakini sumu ni ileile. Nimewaona vijana wa kazi hii wakiacha ufundi kwa sababu ya kifua, na hili naliomba mlichukulie kwa uzito.

Ushauri wangu: fanya mwenyewe kila kitu kabla ya kupuliza, kisha tuletee bodi tupu. Gari likija likiwa limefunguliwa na limeoshwa, sisi tunakwangua, tunaweka praima ya epoksi kwenye bati tupu, tunapuliza. Epoksi inaziba unyevu. Praima nyingi za kawaida zina vinyweleo, zikiachwa wazi maji yanapenya hadi kwenye bati. Usikubali bodi ikae na praima ya kawaida mvua inyeshe ukisubiri zamu.

DadaSpana
Naunga mkono alichosema fundi, kwa sababu ndivyo nilivyofanya na matokeo nayapenda hadi leo.

Nilifungua kila kitu mwenyewe. Kabla ya kugusa nati yoyote nilipiga picha, kutoka mbali na kutoka karibu. Kila kundi la bolti liliingia kwenye mfuko wake wenye maandishi, na kila soketi ilipata tepu yenye namba na pacha wake namba ileile. Mabomba ya AC sikuyafungua. Gesi ile inatakiwa inyonywe na mwenye mashine, na hilo lifanyike kabla gari halijafika kwa fundi rangi.

Jiandae kwa usafirishaji. Gari bila injini linainuka mbele kwa sababu springi hazina uzito, na breki hazina msaada wa busta, kwa hiyo libebwe juu ya lori, lisivutwe kwa kamba.

Kwa rangi, namba yake iko kwenye kibandiko au kibati, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au humohumo ndani ya boneti. Niliomba wapulize na klia ingawa kiwandani haikuwepo, maana uso laini unafutika kwa kitambaa kimoja na uvujaji wowote unaonekana mapema.

Kurudisha injini ndipo roho inaporuka. Usiharakishe. Rangi inaweza kuwa kavu kwa kidole lakini bado laini ndani, na mnyororo wa winchi ukiigusa tu unachimba. Tulisubiri muda ambao fundi alitwambia, tukafunika kingo za fenda na ukuta wa nyuma kwa mablanketi, mtu mmoja akawa na kazi ya kushika mnyororo usibembee.

MsasaMkavu
Dada umeeleza vizuri. Ningekuwa nimetoa injini, ningefuata njia hiyo. Kupaka mwenyewe kwa kopo bado naona kunafaa kwa mtu mwenye injini ndani, anayetaka kusafisha na kuzuia kutu isisambae. Kwa bodi tupu kama ya BonetiWazi, rangi yenye hadena ndiyo inayostahili hiyo kazi yote.

BonetiWazi
Nimeelewa wakuu. Nitafungua na kuosha mwenyewe, kupuliza nampa fundi, na makubaliano nayaandika. Imebaki sehemu ya betri. Kuna unga mweupe na kutu chini ya sahani yake. Naanzia wapi?

FundiRangi
Vaa glavu na miwani. Koroga bekingi soda na maji, mwagia pale, itatoa povu kwa sababu inapambana na tindikali. Rudia hadi povu liishe kabisa, kisha suuza kwa maji mengi na ukaushe. Tindikali ikibaki kwenye maungio ya bati, itainua rangi mpya kutoka chini.

Baada ya hapo brashi ya waya hadi uone chuma, halafu chukua bisibisi ubonyeze kwa nguvu kila mahali palipokuwa na kutu, hasa kwenye maungio. Bati likistahimili, niletee. Bisibisi ikipenya, mtafute mchomeleaji kwanza, akate palipoliwa na kutu hadi kwenye bati zima na aweke kiraka, ndipo tuzungumze rangi.